Mwongozo Kamili wa Kuandika Ripoti ya Shahidi Mtaalamu katika Kesi ya Madai

Ripoti nyingi za kitaalamu zinazokataliwa mahakamani, au zinazopokewa kisha zikapewa uzito wa unyoya, hazikuandikwa na watu wasiojua kazi yao. Ziliandikwa na wahandisi, madaktari, wahasibu na wathamini wenye ujuzi wa kutosha. Kosa lao ni kumtaka jaji akubali hitimisho bila kumwonyesha njia iliyowafikisha hapo.

Jaji hana digrii ya uhandisi wala ya udaktari, na hatakiwi kuwa nayo. Anachohitaji ni kuona jinsi jambo lililoonekana lilivyopimwa, kipimo kikazaa hoja, na hoja ikazaa maoni. Kiungo kimoja kikikosekana, wakili wa upande wa pili ataingilia hapo hapo.

Mfano mmoja utatusindikiza hadi mwisho. Mdai amejengewa nyumba, na kuta zimepasuka. Anasema zege la msingi ni dhaifu. Mdaiwa, ambaye ni mkandarasi, anasema zege halina tatizo bali udongo umedidimia. Wewe ni mhandisi wa miundo uliyeitwa na wakili wa mdai. Kama fani yako ni tiba au hesabu, badilisha zege liwe mfupa au leja. Hatua ni zile zile.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika

- Barua ya maelekezo kutoka kwa wakili, yenye maswali unayotakiwa kuyajibu.
- Hati ya madai na majibu ya utetezi. Usipozisoma hutajua ni jambo gani hasa linabishaniwa.
- Nyaraka zote ulizopewa, zikiwa na namba za kurasa na orodha inayoonyesha tarehe uliyopokea kila moja.
- Kanuni za mahakama husika kuhusu ushahidi wa wataalamu: muundo wa ripoti, tamko linalotakiwa, na kama hati ya kiapo inahitajika.
- Kiwango au kanuni ya kitaalamu iliyokuwa ikitumika siku kazi ilipofanyika. Toleo la leo haliwezi kumhukumu mtu aliyejenga chini ya toleo la zamani.
- Vyeti vya uhakiki wa vifaa vya kupimia, vilivyokuwa hai siku ya kupima.
- Daftari la uwandani lenye kurasa zilizopigwa namba. Karatasi zilizonyofolewa humfanya kila mtu ajiulize nyingine ziko wapi.
- Tarehe za mahakama: siku ya kuwasilisha, siku ya kubadilishana ripoti, siku ya kusikilizwa.

Hatua ya 1: Pima kama kazi hii ni yako

Jiulize mambo matatu kabla ya kusema ndiyo. Swali linalobishaniwa liko ndani ya fani yako? Una uhusiano wowote na mdai, mdaiwa au mradi wenyewe? Malipo yako yanategemea nani atashinda?

Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, kataa. Malipo yanayosubiri ushindi yanakufanya mwenye maslahi katika kesi, na swali moja tu la dodoso, yaani la wakili wa upande wa pili mahakamani, litalifichua hilo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na jaji anaijua methali hiyo vizuri kuliko wewe. Toza kwa saa au kwa kazi, kwa mkataba wa maandishi.

Uhusiano wa zamani haukuondoi moja kwa moja. Kama uliwahi kufanya kazi na mkandarasi huyo miaka kadhaa iliyopita, mwambie wakili mapema na uutaje ndani ya ripoti. Uhusiano uliotajwa huwa aya moja tu. Uliofichwa huwa asubuhi nzima kizimbani.

Mipaka ya fani nayo iandike. Mhandisi wa miundo anaweza kueleza kwa nini ukuta umepasuka. Hawezi kueleza mdai amepoteza kodi kiasi gani kwa kukosa wapangaji.

Hatua ya 2: Pata maswali kwa maandishi, na uyanyooshe

Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika kabla hata ya neno la kwanza kuandikwa. Wakili anapiga simu na kusema, “Tuandikie kuhusu ile nyumba.” Mtaalamu anaandika kila anachokijua kuhusu nyumba, na swali la kesi linabaki bila jibu.

Angalia maswali mawili:

“Je, mkandarasi alizembea?” Hili ni la jaji. Uzembe ni hitimisho la kisheria, na ukilijibu umekalia kiti cha mahakama.

“Je, zege la msingi lilifikia uimara ulioandikwa kwenye mchoro? Kama halikufikia, je, upungufu huo ndio uliosababisha nyufa?” Haya ni yako. Tena ni mawili, na jibu la la kwanza halikupi jibu la la pili. Utaona hapa chini jinsi hilo linavyoweza kugeuza kesi.

Swali likiwa baya, pendekeza lingine kwa maandishi na usubiri lithibitishwe. Chukulia kwamba kila ujumbe kati yako na wakili unaweza kuombwa mahakamani. Kwa kanuni za Uingereza, kwa mfano, ripoti yenyewe lazima ieleze kiini cha maelekezo yote ya msingi uliyopewa, ya maandishi na ya mdomo.

Hatua hii imekaa sawa kama unaweza kuyaweka maswali yote kwenye nusu ukurasa, kila moja na namba yake, na kila moja linajibika kwa kipimo au kwa hoja ya kitaalamu.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi kama mtu atakayeulizwa juu ya kila kipande

Kabla ya kwenda kukagua, wakili aujulishe upande wa pili ili nao waweze kuleta mtaalamu wao. Ukaguzi wa upande mmoja si haramu, ila huacha mwanya wa kusema ulichagua pa kuangalia.

Picha zipigwe kwa jozi: moja ya mbali inayoonyesha mahali, nyingine ya karibu yenye rula ndani yake. Picha ya ufa isiyo na rula haithibitishi upana wowote.

Andika vipimo wakati huo huo, palepale. “Ufa mkubwa ukutani” ni maneno matupu. “Ufa wa milimita 4, ukuta wa mashariki wa chumba cha pili, sentimita 120 juu ya sakafu, umepimwa kwa kadi ya nyufa (kadi yenye mistari ya upana unaojulikana), picha namba 14 na 15” ni ushahidi. Mtu mwingine anaweza kurudi pale na kuupima tena.

Kwa sampuli, tengeneza jedwali la utunzaji lenye safu tano: namba ya sampuli, mahali ilipotolewa, aliyeitoa, aliyekabidhiwa, tarehe na saa ya kila makabidhiano. Kipindi kisichoelezeka kikiwepo, matokeo ya maabara yatapingwa hata yakiwa sahihi kabisa.

Onyo: kipimo kinachoharibu kielelezo, kama kukata zege au kufungua mashine iliyoungua, kisifanyike mpaka upande wa pili umearifiwa na ama umekubali, ama mahakama imeruhusu. Ikiwezekana hifadhi sehemu ya sampuli kwa ajili yao. Kielelezo kikishaharibika hakuna wa kukirudisha.

Hatua ya 4: Tenganisha ulichoona, ulichoambiwa, ulichochukulia na unachofikiri

Ukikosa muda wa kusoma mwongozo wote, soma hatua hii na inayofuata.

Kila sentensi katika ripoti yako iko katika kundi mojawapo kati ya manne. Uliona au kupima mwenyewe. Uliambiwa au kusoma mahali. Ulichukulia kuwa kweli kwa sababu hukuwa na njia ya kuhakikisha. Au ni maoni yako. Yakichanganywa, jaji hajui asimamie wapi, na sehemu moja ikibomoka inavuta zote.

Hii ni sentensi ya aina inayoandikwa kila siku:

“Nyufa zilianza miezi mitatu baada ya nyumba kukabidhiwa kutokana na zege hafifu.”

Ndani yake kuna mambo mawili yaliyofungwa kitanzi kimoja. Ya miezi mitatu uliambiwa na mdai; hukuwepo. Ya zege hafifu ni maoni yako, na sababu zake hazijatajwa. Ikifunguliwa inakuwa hivi:

“4.3 Mdai amenieleza kwamba aliona nyufa kwa mara ya kwanza miezi mitatu baada ya kukabidhiwa nyumba. Sina njia ya kuthibitisha tarehe hiyo. Maoni yangu katika sehemu ya 6 hayategemei tarehe hiyo.”

Sentensi ya mwisho ni ya thamani sana. Mahakama ikiamua kwamba nyufa zilianza mwaka mmoja baadaye, ripoti yako bado inasimama. Kama maoni yako yangetegemea tarehe hiyo, ungetakiwa kuandika matawi yote mawili: tarehe ya mdai ikikubaliwa, maoni yangu ni haya, ya mdaiwa ikikubaliwa, ni haya. Si kazi yako kuchagua shahidi gani wa matukio aaminiwe.

Chukua kalamu za rangi nne na upitie rasimu nzima. Sentensi inayohitaji rangi mbili, ivunje. Ukimaliza, kila aya yenye rangi ya maoni itaje namba za aya za ukweli inazozitegemea. Hiyo ndiyo dalili kwamba umefanikiwa.

Hatua ya 5: Onyesha hesabu, kisha jaribu kujipinga

Turudi kwenye msingi wa nyumba. Mchoro ulitaka zege la megapaskali 25 (kipimo cha mgandamizo ambao zege linaweza kustahimili), na mkataba ulisema ACI 318, kanuni ya Marekani ya ujenzi wa zege, ifuatwe. Kwa sampuli zilizokatwa kutoka kwenye jengo, kanuni hiyo inataka wastani wa sampuli 3 usipungue asilimia 85 ya uimara ulioainishwa, na isiwepo hata moja iliyo chini ya asilimia 75. Kwa megapaskali 25, mipaka hiyo ni 21.25 na 18.75.

Mashine ya maabara ilisoma 25.3, 23.0 na 21.9. Wastani ni 23.4. Mtaalamu mwenye haraka anaandika “zege limefaulu” na kufunga jalada.

Lakini sampuli hizo zilikuwa na kipenyo cha milimita 100 na urefu wa milimita 100. Sampuli fupi hustahimili mgandamizo zaidi kuliko ndefu ya zege lile lile, ndiyo maana ASTM C42, kiwango cha Marekani cha kupima sampuli zilizokatwa kwenye zege, hutaka usomaji uzidishwe kwa 0.87 urefu unapolingana na kipenyo. Matokeo sahihi ni 22.0, 20.0 na 19.1. Wastani sasa ni 20.4. Hakuna sampuli iliyoanguka chini ya 18.75, ila wastani umeshindwa kufika 21.25. Zege halikufikia kiwango.

Ukiandika 20.4 peke yake, mtaalamu wa mdaiwa atatoa karatasi ya maabara yenye 23.4 na kuuliza namba yako imetoka wapi. Weka safu zote: usomaji wa mashine, vipimo vya sampuli, kizidisho na chanzo chake, matokeo, kikomo. Jaji mwenye kikokotoo cha simu aweze kuirudia hesabu yako akiwa mezani kwake.

Sasa lile swali la pili. Zege ni dhaifu, lakini je, ndilo lililopasua kuta? Andika sababu zote zinazoweza kuleta nyufa za aina hii na uzipime moja moja: zege dhaifu, kudidimia kwa msingi, joto na kukauka kwa kuta, mzigo ulioongezwa, mtetemo. Katika mfano wetu nyufa zote ziko kwenye kona moja, zinapanda kama ngazi kufuata viungo vya matofali, na ni pana juu kuliko chini. Sampuli zilitolewa pande tatu za nyumba na zote, baada ya kizidisho, ziko chini ya 25 ya mchoro, lakini pande nyingine mbili hazina ufa. Kwenye kona yenye nyufa kuna bomba la maji machafu linalovuja.

Umbo hilo ni la kona iliyodidimia. Kwa hiyo mhandisi aliyeitwa na mdai analazimika kuandika:

“6.9 Zege la msingi halikufikia uimara ulioainishwa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba nyufa za kona ya kaskazini zimetokana na kudidimia kwa udongo uliolowa kuliko upungufu huo wa zege.”

Wakili wa mdai hatafurahi. Atafaidika, hata hivyo, kwa kujua mapema kuliko kujua siku ya hukumu: bado ana dai la zege lisilotimiza mkataba, na anaweza kuuliza nani alilaza lile bomba. Na aya hiyo moja itamfanya jaji aamini nyingine zote.

Kuhusu uhakika, kipimo cha kesi za madai kwa kawaida ni uwezekano unaozidi nusu. Usiandike “asilimia mia moja” pale unapomaanisha “zaidi kuliko sivyo”, na usijifiche nyuma ya “inawezekana”, maana karibu kila kitu kinawezekana. Kama wataalamu wa fani yako wanatofautiana kuhusu jambo, eleza mitazamo iliyopo, kisha useme kwa nini umesimama ulikosimama.

Hatua ya 6: Panga ripoti kwa msomaji asiye wa fani yako

Mpangilio huu hufaa mahakama nyingi, ila kanuni za mahakama yako zikisema vingine, zifuate:

1. Ukurasa wa mbele: mahakama, namba ya kesi, wahusika, jina lako, aliyekuita, tarehe.
2. Muhtasari wa maoni, usiozidi ukurasa mmoja. Jibu kila swali kwa namba yake.
3. Sifa zako zinazohusu swali hili tu. Wasifu kamili uende kwenye viambatisho.
4. Maelekezo na maswali.
5. Nyaraka ulizosoma na mambo uliyoambiwa.
6. Ukaguzi na vipimo, pamoja na jina la aliyepima kama si wewe, na kama ulimsimamia.
7. Uchambuzi na maoni.
8. Mipaka: ulichoshindwa kukagua na kwa nini.
9. Tamko na saini.
10. Viambatisho.

Piga namba kila aya, si kila ukurasa tu. Mahakamani watu husema “twende aya ya 6.9”, na ripoti isiyo na namba za aya humfanya kila mtu atafute kwa kidole.

Neno la kitaalamu lifafanue mara moja linapoingia, kisha ulitumie hilo hilo hadi mwisho. Ukiita kitu “boriti” ukurasa wa 4 na “mhimili” ukurasa wa 9, utaulizwa kama ni vitu viwili.

Hatua ya 7: Safisha lugha

Futa “ni dhahiri”, “bila shaka yoyote”, “mtu yeyote anaona” na “uzembe wa kupindukia”. Yanasikika kama kumpigia debe mteja. Futa pia maneno yanayomshambulia mtaalamu mwenzako. Onyesha hesabu yake ilipokosea na uishie hapo.

Andika “nilipima” pale ulipopima. Ukisema “ilipimwa”, unaalika swali: na nani?

Hatua ya 8: Tamko na saini

Tamko si pambo. Linapaswa kusema kwamba unafahamu wajibu wako ni kwa mahakama na kwamba wajibu huo uko juu ya wajibu wowote kwa aliyekuita au anayekulipa. Kwamba umetenganisha yaliyo ndani ya ufahamu wako na yasiyo. Kwamba hukuacha jambo linalodhoofisha maoni yako. Na kwamba utaijulisha mahakama ukibadili mawazo. Mambo haya yaliwekwa wazi katika hukumu ya kesi ya meli Ikarian Reefer nchini Uingereza mwaka 1993, na mahakama za nchi nyingine zimeyachota hapo. Kama kanuni zako zina maneno maalumu, yanakili neno kwa neno.

Hatua ya 9: Rasimu ikienda kwa wakili

Wakili anaruhusiwa kukuonyesha tarehe iliyokosewa, swali lisilojibiwa, aya isiyoeleweka. Haruhusiwi kukubadilishia maoni. Kipimo chepesi: badiliko likikutaka uandike jambo ambalo usingelisema kwa kiapo, likatae kwa barua.

Kabla ya kusaini, fanya ukaguzi mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja. Mara ya kwanza namba tu: kila takwimu ilinganishwe na daftari na karatasi ya maabara. Mara ya pili marejeo: je, picha namba 14 kweli ndiyo ile? Mara ya tatu mpe mtu asiye wa fani yako asome muhtasari, kisha akueleze umesema nini. Akikosea, aya ndiyo yenye tatizo.

Hatua ya 10: Baada ya kuwasilisha

Upande wa pili unaweza kukutumia maswali ya ufafanuzi. Yajibu kwa maandishi, bila kuongeza hoja mpya kwa mlango wa nyuma. Ukigundua kosa, toa ripoti ya nyongeza mara moja, ukitaja aya inayorekebishwa, ilivyosomeka na inavyopaswa kusomeka.

Mahakama ikiagiza wataalamu wa pande mbili wakutane, nenda na jedwali: mnakubaliana wapi, mnatofautiana wapi, na kwa sababu gani. Usisaini taarifa ya pamoja iliyoandikwa na mwenzako baada ya mazungumzo ya simu kabla hujaisoma mstari kwa mstari. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliondoa kinga iliyokuwa ikiwalinda wataalamu dhidi ya kushtakiwa na wateja wao wenyewe kwa uzembe, na kesi iliyoleta uamuzi huo ilianzia kwenye taarifa ya pamoja ya namna hiyo.

Siku ya kusikilizwa, beba nakala safi ya ripoti yenye kurasa zinazolingana na za mahakama, jalada la vipimo halisi, na cheti cha uhakiki wa kifaa. Usiandike chochote pembeni mwa nakala hiyo. Ulichokiandika pale kinaweza kuombwa na kusomwa kwa sauti. Ukiulizwa swali ambalo jibu lake liko kwenye ripoti, taja namba ya aya, mpe jaji nafasi afike kwenye ukurasa huo, ndipo ujibu.